Sumaku ikitulia, umeme hakuna



Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791 kusini mwa London, Uingereza, mtoto wa mhunzi maskini. Shule aliisoma kidogo tu. Akiwa na miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, naye akawa anavisoma vitabu vilivyopita mikononi mwake. Mwaka 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika Royal Institution.

Humo, mwaka 1831, alizungusha waya wa shaba kwenye bomba la karatasi, akauunganisha na kipimo cha umeme, kisha akaingiza sumaku ndani ya bomba. Sindano ya kipimo ikacheza. Sumaku ilipotulia, sindano ikarudi mahali pake, ingawa sumaku ilikuwa bado mle ndani na nguvu zake zote. Alipoichomoa, sindano ikacheza tena, safari hii kuelekea upande wa pili. Kumbe kilicholeta umeme ni mwendo. Mitambo ya bwawa la Kidatu, inayosaidia kuwasha taa za makanisa yetu, hufuata kanuni hiyo hiyo.

Jumapili Faraday alisali na Wasandemani, dhehebu dogo sana. Mwaka 1840 alifanywa mzee wa kanisa. Mwaka 1844, jina lake likiwa limevuma Ulaya nzima, kanisa hilo lilimtenga. Baada ya wiki chache lilimpokea tena, lakini uzee wa kanisa ukawa umemtoka.

Wengi wetu tungehama, au tungefungua kanisa letu. Yeye alirudi akaketi na washirika wenzake, hadi alipofanywa mzee tena mwaka 1860. Ni miaka 16! Wala hakulala: mwaka 1845 alionyesha kwamba sumaku huathiri mwanga, na Krismasi nyingi aliwafundisha vijana sayansi. Alifariki mwaka 1867, akiwa amekataa heshima ya kuitwa Sir.

Mpendwa, mtu anaweza kukalia cheo kanisani kama sumaku iliyotulia ndani ya waya, kisiwake kitu. Mwingine huvuliwa cheo, na Mungu akazidi kumtumia kwa sababu hakuacha kutenda. Soma Yakobo sura ya 2. Na kama umeumizwa kanisani ukabaki nyumbani, benchi lako lingalipo. Rudi ukaketi, kisha uinuke utumike.

Jumapili njema.