Florence Nightingale: Upendo Uliojifunza Kuhesabu

Kila tarehe 12 Mei wauguzi duniani kote huadhimisha siku yao. Ni tarehe aliyozaliwa Florence Nightingale, mwanamke Mwingereza aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Wengi wetu tunamfahamu kama mama wa taa, aliyepita usiku kati ya vitanda vya askari majeruhi. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni sehemu ndogo ya maisha yake. Kazi ya taa ilidumu chini ya miaka miwili. Baada yake alitumia miongo kadhaa, mara nyingi akiwa mgonjwa kitandani, kutafiti kwa nini wagonjwa, maskini na wazee walikuwa wakifa mahali pale pale walipopelekwa ili watunzwe. Katika makala haya tunapenda kuitazama kazi hiyo ya pili.

Wito uliochelewa kupata njia

Florence alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence, Italia, na ndipo jina lake lilipotoka. Wazazi wake walikuwa matajiri. Baba yake alimfundisha mwenyewe nyumbani: Kigiriki, Kilatini, historia. Binti alipenda zaidi hesabu. Mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 16, alihisi kwamba Mungu anamwita katika utumishi wake, ila hakujua ni utumishi gani. Alipotambua kwamba ni kuhudumia wagonjwa, familia ilikataa katakata. Uuguzi wakati ule ulidharauliwa. Ulionekana kuwa kazi ya wanawake wasio na elimu wala sifa njema. Familia ilitaka aolewe.

Florence alikataa ndoa na kusubiri. Alfajiri, kabla watu wa nyumbani hawajaamka, alisoma ripoti za afya na za hospitali. Akiwa Roma, majira ya baridi ya mwaka 1847 na 1848, alifanya mafungo katika konventi ya Trinità dei Monti, ingawa alikuwa Mwanglikana na alibaki hivyo hadi kufa. Mwaka 1851 alipata mafunzo ya miezi mitatu huko Kaiserswerth, Ujerumani, na miaka miwili baadaye akapewa kuongoza hospitali ndogo ya wanawake jijini London. Toka wito hadi kazi ilikuwa imepita miaka 16.

Scutari: bidii pasipo kujua

Mwaka 1854 Uingereza ilikuwa vitani dhidi ya Urusi katika Crimea. Magazeti yalipoeleza hali mbaya ya majeruhi, waziri Sidney Herbert, rafiki wa Florence, alimwomba aende. Aliondoka na wanawake 38. Kumi kati yao walikuwa watawa Wakatoliki, watano wakitoka konventi ya Masista wa Huruma ya Bermondsey chini ya Mama Mary Clare Moore. Wapo Waingereza walionung'unika kuona Wakatoliki na Waanglikana wakitumwa pamoja. Lakini kati ya Florence na Mama Moore ulizaliwa urafiki uliodumu hadi Mama huyo alipofariki mwaka 1874.

Tarehe 4 Novemba 1854 walifika Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul. Kambi kubwa ya jeshi ilikuwa imegeuzwa kuwa hospitali. Askari walilala sakafuni kwenye korido, bila mashuka safi, bila chakula kinachomfaa mgonjwa. Wanawake wale wakafua, wakapika, wakafunga vidonda, wakakesha.

Hapa ndipo tunapopaswa kusimama kidogo. Pamoja na bidii hiyo yote, vifo havikupungua. Viliongezeka. Mwezi Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa, karibu 42 walikufa. Wengi hawakuuawa na majeraha bali na kuhara, kipindupindu na homa. Mwezi Machi ikafika tume ya afya kutoka Uingereza. Ikachunguza chini ya jengo na kukuta mifereji ya maji taka imeziba na kuoza. Wakaisafisha, wakaingiza hewa wodini, wakapaka kuta chokaa. Kufikia Juni, waliokufa walikuwa kama 2 katika 100.

Florence na wenzake walikuwa wamewapenda askari wale kwa moyo wote. Lakini upendo huo ulikuwa ukifanya kazi juu ya sakafu, na kifo kilikuwa chini ya sakafu. Hakuna aliyekuwa ameangalia huko.

Takwimu kwa ajili ya walio hai

Alirudi nyumbani Agosti 1856, na asubuhi ya kwanza London alikwenda Bermondsey kwa masista. Kisha akaanza kuuliza maswali. Akishirikiana na William Farr, bingwa wa takwimu, alipanga vifo vya jeshi mwezi kwa mwezi, chanzo kwa chanzo. Ukweli ulikuwa mchungu: askari wengi waliokufa wangeweza kuokolewa. Akaona pia kwamba hata wakati wa amani, askari vijana waliokaa kambini Uingereza walikufa karibu mara mbili ya raia wa rika lao.

Alijua kwamba wakubwa hawasomi kurasa za namba. Kwa hiyo alichora mchoro wa duara uliogawanywa kama vipande vya keki, kila mwezi na kipande chake, rangi ikionyesha chanzo cha vifo. Yeyote aliyeutazama alielewa mara moja. Mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Chama cha Takwimu cha London. Mwaka 1860 alipendekeza hospitali zote zitumie fomu moja: nani kaingia, na ugonjwa gani, amekaa siku ngapi, katoka mzima au kafa. Bila hivyo, hospitali isingejua kama inaponya au inaua. Mwaka huo huo ilifunguliwa shule yake ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas', London, kwa fedha zilizochangwa na wananchi.

Wazee katika nyumba za maskini

Wakati huo Uingereza ilikuwa na nyumba za maskini. Mtu asiye na chochote alipokelewa humo, lakini maisha yalifanywa magumu makusudi ili asivutike mtu kuingia. Ndani yake kulikuwa na wodi zilizojaa wazee, vilema na wenye magonjwa ya muda mrefu. Waliowahudumia walikuwa maskini wenzao, wasiofunzwa chochote.

Mfadhili wa Liverpool, William Rathbone, alimwomba Florence msaada. Mwaka 1865 Agnes Jones, muuguzi aliyefunzwa St Thomas', alikwenda na wenzake 12 kuhudumia wodi ya maskini ya mji huo, iliyokuwa na wagonjwa zaidi ya 1,000. Alifanya kazi hiyo hadi Februari 1868, alipokufa kwa homa aliyoambukizwa huko, akiwa na miaka 35.

Florence hakuridhika na mji mmoja. Aliandaa maswali ya kuchunguza wodi za maskini za London, kisha akaishauri serikali. Hoja yake ilikuwa kwamba maskini akishaugua huyo ni mgonjwa, na atunzwe kama mgonjwa yeyote. Wasiopona, wenye ugonjwa wa akili na watoto watengwe kila kundi na huduma yake, na gharama zibebwe na jiji zima. Sheria ya mwaka 1867 haikumpa yote aliyoomba, lakini ilianza kuwatoa wagonjwa maskini wa London katika nyumba zile.

Uchunguzi wake haukuwaacha watu wake mwenyewe. Wodi ya kufunzia wakunga iliyoanzishwa kwa fedha za mfuko wake ilifungwa mwaka 1867 kwa sababu akina mama walikufa kwa homa ya uzazi. Alikusanya takwimu, na mwaka 1871 akachapisha kitabu kilichoonyesha kwamba wengi walikuwa salama zaidi kujifungulia nyumbani kuliko katika wodi za namna hiyo. Hata hivyo alichelewa kukubali kwamba magonjwa huletwa na vijidudu. Kwa miaka mingi aliamini ni hewa chafu.

Mzee kati ya wazee

Baba yake alifariki mwaka 1874. Mama yake, aliyekuwa amempinga sana, alikuwa mzee asiyeona na kumbukumbu ikimtoka. Florence alisaidia kumtunza hadi alipofariki mwaka 1880. Baadaye zamu ikawa yake: macho yakafifia kabisa, akili ikachoka. Mwaka 1907 alipopewa Nishani ya Sifa, mwanamke wa kwanza kuipata, hakuelewa vizuri ni kitu gani. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na miaka 90. Ndugu zake hawakukubali azikwe Westminster Abbey. Amelala katika makaburi ya kijiji cha East Wellow, na kwenye jiwe jina lake limeandikwa kwa herufi za kwanza tu.

Sisi tunaojiandaa kwa utumishi tutaingia nyumba nyingi zenye wazee na wagonjwa. Tutasali nao, na ni vyema. Maisha haya yanatuomba tuulize pia: Bibi amegeuzwa kitandani mara ngapi leo? Maji ya kunywa yako karibu na mkono wake? Dawa ziliisha lini? Nani humlinda usiku? Majibu tuyaandike katika daftari, na tukirudi wiki ijayo tuone kilichobadilika. Pale ambapo hakuna kilichobadilika, tutajua pa kwenda kubisha hodi.