Imamu Abu Hanifa na Duka Lake la Nguo

Sisi watu wa pwani wengi wetu ni Mashafii, na Imamu Abu Hanifa twamjua kwa kuwa ni mmoja wa maimamu wanne. Twajua kwamba alikuwa bahari ya fiqhi. Lakini ni wachache wakumbukao kwamba alikuwa mfanya biashara, na kwamba uimamu haukumtoa katika duka lake. Upande huo wa maisha yake ndio tupendao kuueleza leo, kwani una mafunzo kwa kila mwenye mizani na kila mwenye kuajiri watu.

Jina lake ni Nuuman bin Thabit. Alizaliwa Kufa, katika nchi ya Iraki, mwaka 80 wa Hijria, yaani 699. Wazee wake asili yao ni Waajemi. Tangu ujana wake alikuwa mtu wa sokoni, akiuza khazi, nayo ni nguo ya hariri iliyofumwa pamoja na sufi. Imepokewa kwamba mwanachuoni Shaabi alimwona akipita, akautambua werevu wake, akamhimiza ahudhurie darasa za wanavyuoni. Akamwandama Sheikh Hammad bin Abi Sulaiman yapata miaka 18, na Sheikh alipofariki mwaka 120 (738), yeye ndiye aliyekalia mahali pake. Duka halikufungwa, aliliendesha pamoja na washirika.

Juu ya washirika hao pana habari waliyoisimulia walioandika maisha yake. Alimpelekea mshirika wake, Hafsi bin Abdirrahman, mzigo wa nguo, akamjulisha kwamba nguo fulani ina aibu, asiiuze ila baada ya kumbainishia mnunuzi. Hafsi akauza, akasahau kueleza, na mnunuzi akaenda zake asijulikane ni nani. Imamu alipopata habari, alitoa sadaka thamani ya mzigo wote.

Natuitazame habari hii vizuri. Imamu hakuwapo wakati wa kuuza. Alikuwa amekwisha kuonya. Aliyesahau ni mwenziwe, wala hapakuwa na mdai aliyesimama mlangoni kwake. Nyudhuru zote alikuwa nazo, asishike hata mmoja. Aliona kwamba kilichouzwa kwa jina lake kiko juu ya shingo yake, na kwamba fedha iliyoingiwa na shaka haina mahali katika kasha lake.

Wala haki hakuiona kuwa ni ya mnunuzi peke yake. Imesimuliwa kwamba mwanamke mmoja alimletea nguo ya hariri, akitaka kumwuzia kwa dirhamu 100. Imamu akamjulisha kwamba thamani yake ni zaidi. Yule bibi akaongeza mia baada ya mia hata zikafika 400, naye angali akisema ni zaidi, mpaka bibi akadhani anafanyiwa mzaha. Akaitwa mtu wa kuitia thamani, na Imamu akainunua kwa 500.

Faida yake aliikusanya mwaka hata mwaka, akawanunulia wanavyuoni chakula na mavazi, na zilizobaki akawagawia, akiwaambia kwamba wamshukuru Mungu, si yeye. Mwanafunzi wake Abu Yusuf alikuwa mtoto wa watu maskini, na Imamu akamsaidia kwa mali asije akaacha kusoma. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu katika zama za Harun Rashid.

Na kwa kuwa alikula jasho lake, wenye kutawala hawakuweza kumnunua. Ibn Hubaira, liwali wa Bani Umaiya, alimtaka ashike kazi ya serikali. Akakataa, akapigwa mijeledi. Baadaye Khalifa Abu Jaafar Mansur alimtaka awe kadhi, akakataa, akafungwa. Alifariki Baghdad mwaka 150 (767), mwaka ule ule aliozaliwa Imamu wetu Shafii.

Sasa natujitazame. Mchele uliolowa huchanganywa na mkavu, na mnunuzi akirudi kulalamika huambiwa kwamba aliyepima ni mtumishi. Kampuni ikidhulumu watu, wakubwa wake husema kwamba ni kazi ya wakala, wao hawakuwa na habari. Lakini faida ya mauzo yale, je, nayo huachiwa mtumishi na wakala? Faida huingia kwa mwenye mali, na dhambi hutafutiwa mtu mwingine wa kuibeba! Imamu Abu Hanifa hakuijua hesabu ya namna hiyo. Basi mwenye duka na awaulize watu wake kila jioni, si wameuza kiasi gani tu, bali wameuza vipi. Na panapoingia dhulma, arudishe haki ya watu kabla hajadaiwa.

Mwenyezi Mungu atupe chumo la halali, na atujaalie wenye kuitimiza mizani. Amin.