Kalamba Mukenge, mtemi aliyeifanya bangi kuwa nguzo ya utawala

Katika mpaka wa Kenya na Uganda, kuanzia Busia hadi Malaba wilayani Tororo, anayekamatwa na bangi hukabiliwa na mkono wa sheria upande wowote alioko. Kenya ina sheria yake ya mwaka 1994, na Uganda ilipata sheria mpya mwaka 2024. Mjadala kuhusu matumizi ya mmea huo kwa tiba au starehe ungali mkali. Hata hivyo, katika karne ya 19, huko Kasai katika Kongo ya leo, aliishi mtawala ambaye hakuikataza bangi, bali aliamuru ivutwe.

Mtawala huyo ni Kalamba Mukenge, mtemi wa Walulua. Mmea wenyewe, ambao wenyeji waliuita riamba, ulikuwa umeingia Afrika ya Mashariki kwa njia ya Bahari ya Hindi, kisha ukaenea bara. Kalamba na dada yake, Sangula Meta, waliufanya kiini cha ibada mpya. Wafuasi waliitwa Bena Riamba, yaani watu wa bangi, na nchi yao ikaitwa Lubuku, kwa maana ya urafiki. Hirizi za kale zilichomwa moto, tembo likapigwa marufuku, na vijiji vilivyokuwa na uhasama vikatakiwa kupatana. Aliyetenda kosa alivutishwa bangi hadi akapoteza fahamu. Si wote walioridhika: baadhi ya wazee waliipinga amri hiyo, na wengine wakaihama nchi.

Mwaka 1881 Kalamba aliwapokea wasafiri wawili Wajerumani, Paul Pogge na Hermann Wissmann. Urafiki huo ulimwongezea nguvu dhidi ya watemi wenzake, na mwaka 1884 Wissmann alianzisha karibu naye kituo cha Luluabourg, ambacho leo ni mji wa Kananga. Lakini Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili ilipotaka kumtiisha, Kalamba alikataa, na urafiki ukageuka vita.

Mwaka 1903 dola hiyo ilipiga marufuku bangi ya kuvuta. Mwaka 1925 mkataba wa kimataifa uliotiwa saini Geneva ukaiweka bangi miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa. Hivyo watoto waliozaliwa Lubuku, ambako kuvuta kulikuwa ishara ya utii, walifikia utu uzima katika nchi ambamo kuvuta kulikuwa kosa.