Shaaban Robert: karani aliyeandika vitabu vya kutuliza roho

Huko Muheto, na katika vijiji vingine vingi vya Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, watu wanajua maana ya kuacha shamba kabla ya mavuno. Wamezika ndugu, wamekimbia vita, wamerudi, wakakimbia tena. Msomaji wa Kiswahili aliyepita katika hali hiyo, naye anatafuta hadithi ya kumtuliza roho, hana haja ya kwenda mbali sana. Mtanganyika mmoja, Shaaban Robert, aliandika vitabu vya namna hiyo kabla ya kufariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53.

Shuleni jina lake hutajwa kama la bingwa wa lugha. Mara nyingi hadithi yake huishia hapo. Lakini mtu huyo alizika mke, akazika watoto, na sehemu kubwa ya maandishi yake inajibu swali moja: mtu aliyevunjika moyo anaendeleaje kuishi na wenzake?

Mtoto wa wakati wa vita

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa mji wa Tanga, kwenye pwani ya Bahari ya Hindi. Nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Ukoo wa baba yake ulitoka kwa Wayao, lakini yeye alijihesabu Mswahili.

Alikuwa na miaka mitano tu wakati Waingereza walipoleta majeshi Tanga, Novemba 1914, wakashindwa na Wajerumani. Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyowafikisha askari wa Force Publique kutoka Kongo hadi Tabora, Septemba 1916. Vilipokwisha, Tanganyika iliingia mikononi mwa Waingereza.

Kati ya mwaka 1922 na 1926 kijana huyo alisoma Dar es Salaam. Alipomaliza aliajiriwa na serikali kuwa karani wa forodha, kazi ambayo Kongo inajulikana kama ya duane. Aliifanya hadi 1944, Pangani na katika vituo vingine vya pwani. Baadaye alihamia idara ya mifugo, kisha ofisi ya wilaya ya Tanga, na mwisho idara ya upimaji ardhi. Mchana alishika makaratasi ya serikali. Nje ya saa za kazi aliandika, na mashairi yake yakaanza kusomwa katika gazeti la Mambo Leo.

Kifo cha Amina

Mke wake, Amina, alifariki wakati watoto wao walikuwa bado wadogo. Shaaban Robert alimlilia kwa shairi lenye jina lake, mojawapo ya mashairi ya maombolezo yanayojulikana zaidi katika Kiswahili. Hakuficha huzuni yake, wala hakujifanya mwanaume asiyelia. Alikubali kwamba mauti hayajibiwi, akamwombea marehemu, akaahidi kuendelea kumpenda.

Baada ya hapo alibaki na kazi ya kulea. Aliwaandikia watoto wake tenzi mbili za mawaidha, moja ya binti na nyingine ya mwana: jinsi ya kuishi na watu, kufanya kazi, kushika imani na kuheshimu wengine. Zilikuwa wosia wa baba aliyeona kwamba mzazi anaweza kuondoka wakati wowote.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alipelekwa Mpwapwa, katikati ya nchi, mbali na bahari aliyoizoea. Safari hiyo ndefu na taabu zake aliisimulia katika Maisha Yangu, kitabu kilichotoka mwaka 1949. Katika maisha yake alioa mara tatu na kupata watoto kumi. Alipofariki, watano tu ndio waliokuwa hai.

Askari anayerudi kwenye jembe

Riwaya yake inayogusa zaidi jambo la kupona ni Utubora Mkulima. Utubora ni mtu aliyetoka vitani. Ana kazi ya mshahara mjini, na mwajiri wake anamthamini. Hata hivyo moyo wake hautulii. Anaiacha kazi, anakwenda kijiji cha Busutamu, anashika jembe.

Hakuna miujiza katika kitabu hicho. Utubora analima, anajirani na watu, anasaidia na kusaidiwa. Utulivu unamjia polepole kupitia kazi ya mikono na ujirani mwema. Mwandishi anaonyesha kwamba fedha za mjini hazikuweza kuponya kile ambacho vita na maisha viliumiza.

Kwa mkaaji wa Masisi, hapo ndipo kitabu kinapogusa na hapo hapo ndipo kinapouma. Utubora alichagua kurudi shambani, na shamba lilikuwepo likimngoja. Mkulima aliyelala chini ya hema hana uhuru huo. Riwaya haiwezi kumrudishia ardhi wala kumhakikishia usalama njiani. Lakini inamwambia jambo ambalo mara nyingi husahauliwa wakati misaada inapogawanywa: aliyekimbia vita hahitaji chakula peke yake. Anahitaji tena kazi yake, jirani yake na heshima yake.

Ndugu wanaosameheana

Anayetaka kuendelea kusoma anaweza kuchukua Adili na Nduguze, cha mwaka 1952. Adili anahusudiwa na ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu. Wanamtendea ubaya mkubwa, kisha wanageuzwa manyani. Adili analazimishwa kuwapiga kila usiku, na adhabu hiyo inamuumiza yeye mwenyewe. Mwisho wake ni msamaha, nao wanarudi kuwa watu. Mahali ambapo ndugu na majirani wamegawanywa na vita, hadithi hiyo si ya watoto tu. Inaonyesha kwamba kulipiza kisasi kunamchosha pia anayeshika fimbo.

Kusadikika, cha mwaka 1951, kinasimulia nchi ya kufikirika ambako wajumbe sita walitumwa nchi jirani kutafuta mambo mema, wakarudi na kutiwa gerezani. Karama, aliyeshitakiwa, anasimama barazani kuwatetea kwa maneno peke yake, na wajumbe wanaachiliwa. Utawala wa kikoloni ulikuwa bado umesimama mwandishi alipokitoa.

Mwaka 1958 ukatoka wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Siti alizaliwa katika umaskini huko Fumba, akaenda mjini na sauti yake tu, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo. Ni kitabu kifupi, kinachomfaa anayeanza kusoma na kuogopa riwaya ndefu.

Sifa nyingi, mali kidogo

Shaaban Robert alitunukiwa tuzo ya Margaret Wrong na nishani ya MBE ya Uingereza, akakaa pia katika kamati ya lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Hata hivyo hakuishi kwa vitabu. Kitabu chake cha mashairi, Pambo la Lugha, kilichapishwa mbali, Johannesburg. Barua alizomwandikia ndugu yake, ambazo baadaye zilitolewa kama kitabu, zinaonyesha mtu aliyekuwa akihangaika na gharama za maisha na za uchapishaji.

Aliiona Tanganyika ikipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Miezi sita baadaye alifariki, akazikwa Machui, nyumbani kwao. Utubora Mkulima hakukiona kikiwa kitabu: kilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya mazishi yake. Kufikirika nacho kilitoka mwaka 1967.

Kiswahili chake ni cha pwani, na maneno mengine yatamsimamisha msomaji wa Masisi aliyezoea Kiswahili cha Kongo. Dawa yake ni kusoma kwa sauti, watu wawili watatu pamoja, kila mmoja akimweleza mwenzake neno analolijua. Kwa vitabu vilivyoandikwa na mtu aliyeamini kwamba huzuni hupungua mbele ya majirani, hiyo pengine ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kuvisoma.