Winogradsky, mtu wa matope

Sergei Winogradsky alizaliwa Kyiv mwaka 1856, na kwa kuhama kozi hakuna anayemfikia hapa chuoni. Alianza na sheria, akahamia sayansi, nayo ikamchosha, akatimkia Saint Petersburg kusomea piano. Baada ya kama miaka miwili akarudi kwenye sayansi, na safari hii alitulia.

Zama hizo mkubwa wa fani alikuwa Robert Koch wa Ujerumani. Utaratibu wake ulikuwa kumtenga bakteria, kumwotesha peke yake kwenye chakula kizito, ndipo umjue. Kwa magonjwa ulifanya kazi kweli. Lakini Winogradsky, akiwa Zürich, alikuwa akitafuta bakteria wa udongoni wanaogeuza amonia kuwa nitrati, na kwenye jelatini hawakuota ng'o. Wengine wangesema bakteria hao hawapo. Yeye akaona kosa ni la mpishi. Akawaandalia chumvichumvi na amonia, basi, bila chakula kingine, na kuanzia 1890 akawapata. Kumbe hawakuwa wa aina moja! Wa kwanza wanaifanya amonia kuwa nitriti, wa pili wanaipokea na kuifanya nitrati.

Baadaye, Saint Petersburg, alimgundua Clostridium pasteurianum, bakteria anayenasa naitrojeni ya hewani ingawa oksijeni inamdhuru. Sasa anaishije kwenye udongo wenye hewa? Majirani zake wanaimaliza oksijeni hiyo kwanza. Ukimtenga na majirani, hilo hulioni.

Kisha akaacha maabara, akaenda kuendesha shamba la familia. Mapinduzi ya Urusi yakamnyang'anya yote, akakimbia nchi. Mwaka 1922, akiwa na miaka 66, Taasisi ya Pasteur ya Ufaransa ilimwita, akaanza upya kuchimbua udongo huko Brie-Comte-Robert. Alifariki mwaka 1953.

Kwa nini tumkumbuke leo? Nenda dampo lolote kubwa uangalie yale maji meusi yanayochuruzika chini ya taka. Njia mojawapo ya kuyasafisha ni kuyaingiza kwenye tangi lisilo na hewa, na humo hakuna bakteria shujaa. Kuna wanaovunja mabaki kuwa asidi, kuna wanaozifanya asidi hizo kuwa asetati na hidrojeni, na mwishoni kuna viumbe wengine, arkea, wanaotoa methani, gesi ya kupikia. Arkea hao ni wapole na wanaongezeka taratibu. Ukiwalisha haraka kuliko wanavyoweza, asidi inajaa na tangi zima linagoma, hata kama wale wa mwanzo ni wazima kabisa. Huwezi kumtibu mmoja ukaacha wenzake.

Na hata tangi likienda vizuri, amonia inatoka nayo ikiwa bado imejaa, na ikifika mtoni inaua samaki. Hapo maji yanapelekwa tangi la pili, lenye hewa, wanakosubiri wale bakteria wa Zürich.