Edith Penrose, mchumi aliyeichungulia kampuni kwa ndani

Chukua kampuni mbili za kahawa huku Mbinga, zote zina mashine ya kukoboa ya aina moja. Moja inakua, nyingine inadumaa. Kwa nini?

Swali la namna hiyo ndilo lililompa jina Edith Penrose. Alizaliwa mwaka 1914 Los Angeles, Marekani. Wachumi wengi wa enzi zake waliangalia bei na soko, kampuni yenyewe hawakuifungua. Yeye aliifungua. Katika kitabu chake cha mwaka 1959 alionyesha kuwa kampuni hukuzwa na watu waliofanya kazi pamoja mpaka wakaizoea kazi na wakazoeana. Mashine unanunua leo leo, uzoefu huo hauuzwi dukani.

Baadaye alichunguza kampuni kubwa za mafuta na nguvu zake mbele ya serikali za nchi zenye mafuta. Alifundisha London, na aliwahi kuwa profesa mgeni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1996.

Kwa vyama vya ushirika na kampuni zetu, somo lake bado ni la moto. Ukiwapunguza wazoefu ili kubana matumizi, mashine zinabaki, ujuzi unaondoka nao.