Marie Curie: Alichambua taka za mgodi, akafunza jeshi la wasichana

Ukitoka kisiwani kwenda Changamwe, ukishavuka Makupa, pale ndipo Kibarani. Vijana wa sasa wanapajua kama mahali pa miti na upepo wa bahari, ila waliokua zamani wanakumbuka ile harufu. Mpaka 2018 hilo lilikuwa jaa la mji mzima, na kuna watu walilea watoto kwa kuchambua vyuma, chupa na plastiki pale juu. Kwa hivyo mtu wa Kibarani ukimwambia kuna mwanamke aliyepata Tuzo ya Nobel mara mbili, na yote yalianzia kwenye taka, hashtuki sana. Atakuuliza tu, taka gani?

Taka za mgodi. Lakini tuanze nyuma kidogo.

Jina lake la kwao ni Maria Skłodowska. Alizaliwa Warsaw, Novemba 7, 1867, wakati Poland haikuwa hata kwenye ramani. Mrusi ndiye aliyetawala, na shuleni ilibidi wasome kwa Kirusi. Baba alikuwa mwalimu wa fizikia na hesabu, mama mkuu wa shule ya wasichana. Mama alifariki kwa kifua kikuu Maria akiwa na miaka 10, na dada yake mmoja alikuwa ameshatangulia. Msichana akakaza. Alimaliza sekondari na miaka 15, medali ya dhahabu shingoni.

Halafu akagonga ukuta. Chuo kikuu cha Warsaw hakikuchukua wanawake, na hela ya kwenda ng'ambo haikuwepo. Sisi ambao chuo kilitushinda katikati, karo ikiwa ndiyo sababu, hapa tunamwelewa bila kufafanuliwa.

Alichofanya ni kuingia chuo cha siri. Wasomi wa Poland walikuwa wanafundisha nyumba kwa nyumba, leo sebuleni kwa huyu, kesho kwa yule, ili polisi wa Mrusi wasinuse. Watu walikiita chuo kinachoruka. Hakikuwa na jengo, wala cheti ambacho ungekionyesha kwa mwajiri.

Yeye na dada yake Bronia wakapanga mchezo, kama chama cha watu wawili. Maria afanye kazi, Bronia aende Paris kusomea udaktari. Bronia akimaliza, amvute mdogo wake. Basi Maria akaenda kijijini kuwa mwalimu wa watoto wa tajiri mmoja. Jioni, badala ya kupumzika, akawa anafundisha watoto wa wakulima kusoma Kipolandi, jambo ambalo lilikuwa kosa kwa sheria. Kijana wa ile nyumba alimpenda akataka kumuoa, wazazi wakakataa, eti ni mfanyakazi tu. (Kijana mwenyewe baadaye akawa mwanahisabati mkubwa. Sijui huwa tunajifunza nini kwa wazazi wa aina hiyo.)

Alifika Paris Novemba 1891, miaka 24 tayari. Sorbonne wakamkubali. Alikaa chumba cha juu kabisa, baridi kali, chakula cha kubahatisha. Mwaka 1893 akawa wa kwanza katika shahada ya fizikia, mwaka uliofuata wa pili katika hesabu. 1895 akaolewa na Pierre Curie, mwanafizikia. Hela ya zawadi ya harusi walinunulia baiskeli mbili.

Sasa zile taka. Mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua kwamba urani inatoa miale yenyewe, bila kuchochewa na chochote. Marie akaanza kuipima, akakuta jambo la ajabu. Jiwe linalochimbwa likiwa na urani ndani yake lilikuwa na miale yenye nguvu kuliko urani yenyewe. Maana yake kulikuwa na kitu kingine kimejificha mle. Mwaka 1898 yeye na Pierre wakatangaza elementi mbili mpya, poloni, kwa jina la nchi yake iliyofutwa, na radi.

Wenye shaka wakataka kuiona kwa macho. Jiwe lenyewe lilikuwa ghali, manake urani ilitumika kutia rangi vioo. Lakini huko Joachimsthal, kwenye milki ya Austria, wachimbaji walishatoa urani yao na kumwaga mabaki msituni. Kile wanachotafuta kina Curie kilibaki mlemle kwenye mabaki. Serikali ya Austria ikawapa tani ya kwanza, wao wakalipa usafiri. Magunia yakaja Paris, udongo umechanganyika na majani ya misonobari.

Walikuwa na banda tu, paa linavuja, zamani lilikuwa chumba cha kupasulia maiti. Marie alichemsha mzigo wa kilo 20 kwa wakati mmoja, akikoroga kwa fimbo ya chuma ndefu karibu kama yeye, moshi wa kemikali usoni. Miaka karibu minne. Mwaka 1902 akapata, kutoka tani nzima nzima, sehemu moja ya kumi ya gramu. Punje. Ila usiku ile punje ilikuwa inang'aa, na wao walikuwa wakirudi bandani gizani kuitazama tu.

Nobel ya fizikia ikaja 1903, na hapo napo jina lake lilikuwa liachwe nje mpaka Pierre akasisitiza. Ya kemia akaipata peke yake 1911. Katikati ya hizo mbili, Aprili 1906, Pierre aligongwa na mkokoteni wa farasi barabarani akafa. Marie akashika darasa la mumewe, mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne.

Kuna jambo la biashara hapa ambalo vijana wa kusaka riziki watalijadili mpaka kahawa ipoe. Hawakuchukua hataza ya njia ya kusafisha radi. Wahandisi wa Marekani walipoandika kuulizia, waliwaeleza bure. Viwanda vikatajirika. Mwaka 1921 gramu moja ilikuwa dola 100,000, na maabara yake haikuweza kununua. Wanawake wa Marekani walichanga, na rais wao Harding akamkabidhi pale White House. Yaani unapewa zawadi kitu ulichokigundua mwenyewe! Lakini usimwone mjinga wa biashara. Alishirikiana kwa miaka na mwenye kiwanda Mfaransa, Armet de Lisle: kiwanda kikapata ujuzi, maabara ikapata malighafi na nafasi ya kufanyia kazi. Njia aliiacha wazi, ushirikiano akauchukua.

Ila kazi yake ninayoiona kubwa kuliko zote haimo kwenye zile Nobel. Vita Kuu ilipoanza 1914, majeruhi walikuwa wanakatwa viungo kwa sababu daktari haoni risasi ilipo. Marie akaomba magari kwa matajiri, akayatia mashine za eksirei na jenereta, akapata magari kama 20 ya kwenda mpaka karibu na mstari wa mbele. Akasaidia pia kuweka vituo 200 hospitalini. Mashine zipo, nani wa kuzitumia? Akafungua kozi fupi Paris, akachukua wasichana na kina mama wenye elimu tofauti tofauti, akawafunza umeme, mwili wa binadamu na jinsi ya kupiga picha. Karibu 150 walihitimu. Binti yake Irène alikuwa na miaka 17 alipoanza kazi hiyo naye. Askari zaidi ya milioni walipigwa picha. Leo ukienda Makadara umevunjika mkono ukapigwa eksirei, hujui kuna wasichana waliojifunza hiyo kazi haraka haraka mizinga ikilia.

Nasema haya kwa sababu Kenya nayo inafunza vijana mambo ya nyuklia. Wapo waliopelekwa Korea Kusini kusoma, Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi yake, na siku hizi wanafunzi wanaambiwa humo kuna ubunifu na ujasiriamali, si mtambo wa umeme peke yake. Ni kweli, kuna tiba ya saratani, kuna upimaji wa vyuma, kuna kilimo. Lakini jirani zetu wa Uyombo, Kilifi, walipoambiwa mtambo utajengwa kwao, waliandamana 2024, wakakabiliana na polisi, mpaka macho ya serikali yakaelekea Siaya. Wavuvi hawakukosa akili. Pwani tuna kumbukumbu. Owino Uhuru, hapo Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwasambazia watu sumu ya risasi, na mpaka Desemba 2024 ndipo Mahakama ya Juu ikathibitisha fidia ya Sh1.3 bilioni.

Na hapa lazima tuseme ukweli kuhusu Marie. Alifunza watu kila kitu kuhusu miale isipokuwa kuiogopa. Alitembea na vichupa vya radi mfukoni. Vidole vyake viliungua, vikakakamaa. Pierre alijifunga radi mkononi makusudi aone itafanya nini, ikamtoa kidonda. Marekani wasichana wa kiwandani walikuwa wanalainisha kwa midomo brashi za rangi ya radi ya saa, taya zikaoza. Watano walishtaki, kesi ikamalizwa 1928. Yeye bado aliamini hewa safi ya mashambani ingemrudishia mtu nguvu. Alikufa Julai 4, 1934, uboho wake hauzalishi tena chembe mpya za damu. Daftari zake mpaka leo zinahifadhiwa kwenye masanduku ya risasi, kwa sababu bado zina miale.

Miaka mitano kabla hajafa alimwajiri msichana wa miaka 19, Marguerite Perey, fundi wa maabara ambaye hakuwa na digrii. Marie akamfunza mwenyewe kazi ya kusafisha elementi. Mwaka 1939 Perey akagundua fransi, na digrii ikamfuata baadaye. Mwaka 1962 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, ileile iliyomkataa mwalimu wake mwaka 1911. Wakati huo alikuwa ameshaanza kuugua saratani. Alifariki 1975.